Wiki Kumi na Moja na Barafu

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Kisumu jioni moja ya Jumapili mwezi wa Novemba, nikiwa nachambua mchele. Amepata uhamisho kwenda Mombasa. Nikampongeza. Akanyamaza. Mtu uliyembeba mgongoni unazijua aina za kimya chake, na hiki kilikuwa na ombi ndani.

"Dada, ni Barafu."

Barafu ni mbwa. Haski wa Siberia, dume, miaka miwili na miezi kadhaa, kilo 24, jicho moja la buluu na la pili la kahawia. Mdogo wangu alimnunua Nairobi akiwa na miezi miwili kwa shilingi 70,000, na alimnunua kwa ajili ya lile jicho. Husema hivyo mwenyewe, hajifichi. Kisha akampeleka Kisumu, mji ambao saa nane mchana hata mwewe hutafuta kivuli, akamwekea feni.

"Mombasa itamuua," akasema. "Nakuru kuna baridi. Uwanja mnao. Na mtoto kila siku ananiambia, mjomba nataka mbwa."

Yote matatu yalikuwa kweli nusunusu. Nakuru ni baridi ukiilinganisha na Kisumu. Sisi tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, wao 1,130, na usiku hapa unavaa sweta. Lakini jua la mchana la Januari halina adabu. Uwanja tunao: ploti ya futi 50 kwa 100 huku Kiamunyi, nyumba imekaa katikati kama mtu mnene kwenye kiti cha matatu, pembeni pamebaki pa kuanikia nguo na pa kuegeshea gari. Na mtoto, naam, alitaka mbwa. Binti yangu ana miaka 13. Mwaka uliotangulia alitaka gitaa.

Mume wangu husambaza mbegu na dawa za mifugo hadi Kitale, kwa hiyo siku tatu au nne kila wiki halali nyumbani. Alisikiliza, akasema, "Aje kama mgeni. Mwisho wa Januari tuketi tuamue. Na mdogo wako ajue tangu leo kwamba jibu linaweza kuwa la." Niliona ni ukatili. Siku hizi mtu akiniuliza habari za haski huwa naanzia hapo: kama kuna njia ya kuazima kabla ya kununua, azima.

Tulimfuata Jumamosi. Kutoka Kisumu hadi Ahero alilala kiti cha nyuma, ulimi umening'inia kama soli ya kiatu iliyofumuka, anahema kwa kasi hata gari likisimama tunatikisika. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi; hujipoza kwa kuhema, basi ukitaka kujua joto linamfanya nini, tazama ulimi. Awasi, bado. Tukaanza kupanda kuelekea Kericho, chai ikaanza kuonekana pembeni, binti yangu akasema, "Mama, amefunga mdomo."

Nikageuka. Ulimi ulikuwa umeingia ndani. Amekaa wima, masikio juu, pua ameipachika kwenye upenyo wa dirisha, ile baridi inampiga usoni naye amefumba macho. Kwa miaka miwili mdogo wangu alikuwa akiishi na mbwa aliyedhani ni mvivu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Asubuhi ya siku ya tatu tulikuta amelima kutoka kwenye kamba ya nguo hadi kwenye tangi la maji, na katika kona ya nyuma amepita chini ya seng'enge akaenda zake. Udongo wa Nakuru ni rafiki wa mchimbaji: ni majivu ya volkano za kale, mwepesi, unapeperuka ukiukanyaga. Jina lenyewe la mji hutolewa kwenye neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mbwa mwenye makucha na asiye na shughuli anamaliza kazi hiyo kwa dakika kumi.

Tulimpata kwa jirani wa nyuma, mama anayefuga kuku wa kienyeji. Alikuwa ameketi katikati ya manyoya, ametulia, anatutazama kwa lile jicho la buluu kama anayengoja kupigwa picha. Tetea watatu na jogoo mmoja. Hakuwala. Aliwaua, akawaacha hapo wamelala karibu karibu.

Yule mama alisimama mlangoni na bakuli la mahindi mkononi. "Huyu ni mbwa," akaniuliza, "au ni fisi mmemvisha koti?"

Nililipa shilingi 4,800 na kuomba radhi hadi nikaishiwa maneno. Baadaye nilikuja kujua kwamba mbwa wa aina hii chochote kidogo kinachokimbia mbele yake kinamwita: kuku, paka, sungura, mwana-mbuzi. Unaweza kumzoesha na paka wa nyumbani tangu akiwa mdogo, lakini paka wa jirani hahesabiki. Tukachimba futi moja na nusu kuzunguka ua wote, tukazika wavu wa chuma na mawe, na juu tukaongeza mabati, maana kuruka pia anaruka. Gharama yake sikuiandika popote, nisije nikaiona tena. Mume wangu aliporudi kutoka Kitale akauzunguka ule ua kimyakimya, kisha akasema tumemjengea mgeni jela.

Na wanaotaka mbwa wa kulinda lango nao wasikilize hili. Msoma mita za maji alikuja siku moja, lango lilikuwa wazi, sisi tuko jikoni. Tulipotoka tulimkuta amechuchumaa anamkuna Barafu tumbo, na Barafu amelala chali miguu minne hewani. Hakuwa amemwona mtu huyo maishani mwake. Msaidizi wetu wa nyumbani akashika kiuno. "Huyu mwizi akija," akasema, "atamshikia tochi."

Kubweka hakubweki sana. Ana sauti nyingine, ndefu, ya kuinua kichwa na kukunja midomo, uuuu, kama mtu aliyepata habari za msiba. Ving'ora vya ambulensi kule barabara kuu vilimwamsha. Na adhana ilimwamsha. Hilo lilinitia aibu kubwa, kwa sababu jirani yetu wa kushoto ni mzee Mwislamu, mtu wa heshima zake, na nilikuwa nimeshamkosea mara moja. Asubuhi ya kwanza kumtoa Barafu matembezini, saa kumi na moja na nusu, mzee alikuwa anarudi msikitini na kanzu nyeupe. Barafu anapenda watu. Alinivuta hadi kwa mzee kabla sijashika vizuri kamba, akamwekea pua yenye maji kwenye pindo. Mzee akasimama, akainua kanzu kidogo. "Hamna neno, mama." Lakini nilimwona anaingia ndani kujitahirisha na kubadilisha nguo, na sote tunajua kwa nini. Kuanzia siku hiyo nikashika njia ya juu, ya kuelekea Menengai, hata kama ni ndefu zaidi.

Basi ile jioni adhana ya magharibi ilipoitikiwa na uuuu kutoka uani kwangu, niliona lazima niende mwenyewe. Nikabisha hodi, nikasema mzee naomba unisamehe, tutamfungia ndani saa za sala. Akacheka kwa kikohozi. "Yeye hajui anachosema," akaniambia. "Ninaowalaumu ni wanaojua na hawaji."

Usiku mmoja, wote wamelala, nilikaa na simu nikasoma hawa mbwa wametoka wapi. Watu wa Chukchi, mashariki kabisa mwa Siberia, ndio waliowafuga vizazi na vizazi ili wavute sleji, yale magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza juu ya theluji: mzigo mwepesi, mwendo mrefu, chakula kidogo. Kuanzia 1908 hivi wakaanza kupelekwa Alaska. Majira ya baridi ya 1925, mji wa Nome ulipoingiwa na dondakoo na hakuna ndege iliyoweza kuruka, dawa ilibebwa na mbwa. Waendeshaji wapatao 20 walipokezana kwa siku tano na nusu, kilomita 1,085 hivi, umbali unaozidi wa Kisumu hadi Mombasa, kwenye baridi ambayo pumzi huganda midomoni. Sehemu ndefu na ya hatari zaidi iliongozwa na mbwa aliyeitwa Togo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12. Miaka kumi na miwili! Babu.

Nikaweka simu chini. Nilikuwa na mtoto wa ukoo huo nje, namzungusha mtaani mara mbili, namfungia nyuma ya nyumba, naenda ofisini, halafu nikirudi namfokea kwa nini amekula bomba la kumwagilia.

Kesho yake nilimtafutia mikanda ya kifuani, ile inayopita mabegani, nikaacha kumfunga shingoni. Msitarajie kwamba ataacha kuvuta; atavuta zaidi, ila hajinyongi. Mume wangu akatafuta tairi kuukuu la Probox, tukalifunga kamba ndefu nyuma ya ile mikanda, tukatoka naye kwenye barabara ya murram juu ya mtaa.

Natamani ningeweza kuonyesha ilivyokuwa. Aliposikia uzito ule nyuma yake alisimama, akageuka akalitazama tairi, akanitazama mimi. Kisha akateremsha mabega, akainamisha kichwa, na mwili wote ukawa kitu kimoja kirefu. Tairi likaanza kukwaruza murram, vumbi likapanda, watoto wa mtaa wakatoka mbio kumfuata wakishangilia, naye hakugeuka tena. Mbele tu. Binti yangu alikimbia naye kilomita tatu akarudi amekuwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Siku hiyo Barafu alikunywa maji, akajilaza kwenye saruji, akalala usingizi wa kukoroma. Hakufukua shimo, hakulia uuuu, na kamba ya nguo haikukatika.

Desemba yote ilikwenda hivyo, na nikianza kukumbuka vizuri Barafu nakumbuka Desemba. Shule zimefungwa, mtoto yupo, asubuhi saa nzima na jioni saa nzima. Alichora jedwali kwenye daftari la hesabu, tarehe upande mmoja, asubuhi na jioni upande wa pili, alama ya vema kila akitoka naye. Ukurasa wa Desemba ulijaa. Ungetuuliza Krismasi kama huyu mbwa anatufaa, tungekujibu wote kwa pamoja kwamba mbona unauliza.

Kisha shule zikafunguliwa.

Gari la shule humchukua binti saa kumi na mbili na dakika kumi. Anarudi saa kumi na moja jioni na kazi ya kufanya. Mimi natoka saa moja. Mume yuko Kitale, yuko Kapsabet, yuko Bungoma. Mtoto wangu wa pili ana miaka sita, kilo 19. Barafu ni kilo 24 za misuli, kumpa kamba ni kumpeleka mtoto mwenyewe matembezini. Msaidizi wa nyumbani alishasema mapema, kwa adabu, kwamba mbwa hayumo kwenye mapatano yetu, na alikuwa na haki. Nikaanza kuamka saa kumi na robo. Nilidumu siku sita.

Watu huuliza maswali yasiyofaa wanapotaka mbwa kama huyu. Anakula kiasi gani (si kingi, hushangaza, ugali na omena na nyama kidogo vilimtosha kuliko mbwa wengi wa kilo zake). Anauma watoto? Bei gani? Sisi pia tuliuliza hayo. Tulichopaswa kufanya ni kuchukua siku ya kawaida ya shule, Jumanne kwa mfano, tukatafute ndani yake saa mbili ambazo hazijaandikwa jina la mtu mwingine. Halafu tuulize zile saa mbili zitakuwepo pia Jumanne ya mwaka wa kumi, maana haski huishi miaka 12 hadi 14, na binti yangu ifikapo hapo atakuwa na mambo yake, pengine na watoto wake.

Januari ndiyo pia joto liliposhika. Manyoya ya ndani yakaanza kung'oka kwa mafungu. Haski ana tabaka mbili, la nje refu na la ndani kama pamba, na lile la ndani huachia mara mbili kwa mwaka au zaidi. Tuliyaokota kwenye uji, kwenye soketi ya stima, ndani ya biblia. Kila mgeni akatoa ushauri uleule: mnyoeni. Kinyozi wa pale stendi alijitolea kufanya bure apate kupiga picha. Daktari wa mifugo akatukataza kabisa: tabaka la nje linamkinga na jua vilevile, ukilinyoa unamwanika ngozi, na huenda yasiote tena sawasawa. Mchane, basi. Kila siku. Na ukimchana tafuta kupe kwa vidole, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, kwa sababu katika manyoya yale kupe anaweza kukaa wiki nzima bila kuonekana, na homa za kupe huku kwetu zinaua mbwa.

Jumamosi ya tatu ya mwezi, mpwa wa mume wangu alikuja kututembelea, akauonea huruma uuuu wa Barafu, akamtoa kukimbia naye pembeni ya baiskeli. Saa saba na nusu mchana. Sikujua, nilikuwa sokoni. Walirudi baada ya dakika ishirini na tano na mbwa anatembea kama mlevi. Nilifika langoni wakati huohuo. Ute mzito umening'inia mdomoni, ufizi umekuwa mwekundu wa kuiva, macho hayanioni. Nilishika sikio lake nikautoa mkono haraka.

Nilimpigia daktari nikiwa tayari natafuta funguo za gari. Akanizuia. "Maji kwanza, gari baadaye." Tukamlaza kivulini, tukamfungulia bomba, tumboni, kwenye mapaja kwa ndani, kwapani, kifuani, binti anampepea kwa sinia, mimi nasugua maji yapenye hadi kwenye ngozi kwa sababu juujuu yanateleza tu. Kijana wa watu amesimama anatetemeka na baiskeli yake. Baada ya dakika kumi hivi Barafu akainua kichwa. Ndipo tukampakia, madirisha wazi. Kwa daktari kipimajoto kilisoma 40.6, na hiyo ni baada ya maji yote yale. Mbwa mzima huwa 38 na kitu, 39 kidogo. Akawekewa dripu, akalazwa hadi jioni ya pili. Alipona. Nilipomchukua alimsalimu kila mtu kwenye chumba cha kungojea, mmoja mmoja, pamoja na mbuzi mmoja ambaye ilibidi nimbebe kumpitisha. Barafu, si mbuzi.

Tarehe 31 tuliketi mezani kama tulivyopatana. Mume wangu hakuhubiri. Alimwambia binti alete daftari. Ukurasa wa Januari: siku 31, zenye alama zote mbili, tisa. Binti alizihesabu mwenyewe kwa kidole, akafika tisa, akarudia kuhesabu. Akasema angeweza kuacha mpira wa vikapu. Baba yake akamwuliza, na muhula ujao uache nini? Alilia, na mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kumpata wa kumchukua hakukuwa rahisi. Simu zilikuwa nyingi, na nyingi zilianza kwa "ana jicho la buluu kweli?" Hao niliwajibu kwa ufupi. Mmoja alikuwa Molo, mtu mzuri, shamba la ekari tano, akaniambia baridi ya huko inaumiza mifupa, na nikafurahi hadi aliposema kondoo zake ni arobaini. Ndiyo shida ya nyanda zetu za juu: palipo na baridi ya kumfaa, pana kondoo. Mwishowe daktari wetu ndiye aliyemjua mama mmoja wa Limuru, ukuta wa mawe, haski jike aliyefungwa kizazi, na yeye mwenyewe mkimbiaji wa kila asubuhi tangu ujana. Alikuja Nakuru kumwona mara mbili kabla hajasema ndiyo. Mara ya pili alimtoa saa kumi na moja alfajiri, peke yake, akarudi naye saa moja. Aliniuliza kitu kimoja tu: tairi lilikuwa la ukubwa gani?

Tulimpeleka katikati ya Februari. Gilgil, Naivasha, ulimi nje. Tulipoanza kupanda ukingo wa bonde ukungu ukashuka hadi barabarani, na binti yangu hakusema neno, akanigusa bega tu. Sikuhitaji kugeuka.

Yule jike alimpokea langoni. Walinusana, wakazunguka nyumba mara moja, wakapotea nyuma ya miti. Tulingoja na chai yetu karibu nusu saa arudi atuage. Tuliwasikia wanalia uuuu pamoja, huko chini. Mume wangu akatazama saa.

"Hata hakutuangalia," binti yangu alisema tukiwa garini. Alikuwa na hasira kweli, hasira ya kudhulumiwa. "Wiki kumi na moja, Mama. Hata hakugeuka."

"Alimlalia chali msoma mita," baba yake akamwambia, "wewe ulitarajia nini?"

Hakucheka. Tulisimama Kinungi tukanunua mahindi ya kuchoma, yeye akakataa. Tulipofika karibu na Naivasha alinyoosha mkono akachukua langu, akalila lote, huku akiokota manyoya kwenye kiti cha nyuma na kuyafunga ndani ya leso.